Injini baridi asubuhi, inachemsha Kitonga: themostati, rejeta na joto la kawaida la pikapu

Swali: "Nina pikapu ya Toyota Hilux ya dizeli, injini 3L isiyo na tabo. Kazi yangu ni kununua vitunguu Ruaha Mbuyuni na kuvipeleka Iringa mjini, kwa hiyo napanda Kitonga na mzigo mara mbili au tatu kwa wiki. Zamani mshale wa joto ulikaa chini kidogo ya nusu. Mwaka huu ukaanza kupanda hadi robo tatu nikiwa mlimani. Fundi akatoa themostati, akasema nchi za joto haziihitaji, na akanishauri nitumie maji matupu kwa kuwa huku hakuna barafu. Sasa asubuhi Iringa mshale hausogei, gari linatoa moshi mweupe kwa muda mrefu na linakula dizeli zaidi, lakini nikipanda Kitonga bado linachemsha. Inawezekanaje gari lile lile liwe baridi na lichemshe? Na joto la kawaida la injini ni lipi hasa?"

Jibu: Ndugu yangu, naelewa kwa nini jambo hili linakutatiza. Kama injini ni baridi kupita kiasi asubuhi, mtu angetarajia iwe na nafuu mlimani, na kama inachemsha mlimani, mtu angetarajia asubuhi ipate joto haraka. Lakini yote mawili yanaweza kutoka kwenye tendo moja, nalo ni kule kutolewa kwa themostati. Tatizo lililokupeleka kwa fundi mara ya kwanza halikuguswa; limeongezewa la pili juu yake. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu bila kujua joto la kawaida ni lipi hatuwezi kujua kipi kimeharibika.

Injini ya dizeli kama yako hufanya kazi vizuri maji yake yakiwa kati ya nyuzi 80 na 100 za Selsiasi. Ukiwa na mzigo mlimani, kupanda kidogo juu ya hapo kwa dakika chache si ajali, ilimradi maji yamo, shinikizo limeshikiliwa na mshale unarudi mahali pake mara tu barabara inapolala. Watu wengi hudhani kwamba injini ikiwa ya baridi zaidi ndivyo inavyokuwa na afya zaidi, na dhana hiyo ndiyo inayotoa themostati kwenye magari mengi mno. Ndani ya silinda gesi inayoungua hupita nyuzi 1,500, joto ambalo lingeyeyusha aluminiamu na chuma cha kusubu. Kazi ya maji ni kuondoa ziada ili chuma kisiumie, huku yakiacha joto la kutosha ili oili iwe nyepesi kiasi kinachotakiwa, pistoni zitanuke hadi kipimo zilichochongewa, na dizeli iungue yote badala ya kutoka nje ikiwa moshi.

Kuna jambo moja ambalo madereva wachache hulifikiria. Lita moja ya dizeli inapoungua huzaa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Injini yenye joto huutoa mvuke huo kwa ekzosi bila shida. Injini iliyo baridi huuacha ugeuke matone ya maji kwenye kuta za silinda, uchanganyike na mabaki ya salfa yaliyomo kwenye dizeli na kuwa tindikali inayokula ringi na silinda, kisha sehemu yake iteremke na kuchafua oili. Kwa hiyo gari linalokwenda likiwa baridi mwaka mzima huchakaa taratibu bila kupiga kelele, na mwenyewe hulaumu oili au dizeli aliyonunua.

Themostati ndiyo inayolinda joto hilo. Ni kifaa kidogo chenye kikombe cha nta ndani yake. Nta ikipata joto hutanuka na kusukuma kisahani kinachofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta. Namba ya nyuzi inakoanza kufunguka huwa imegongwa juu yake, mara nyingi 82, ingawa hutofautiana kati ya injini na injini. Inapokuwa imefungwa, maji huzunguka ndani ya injini peke yake kupitia njia ya mkato hadi yapate joto.

Sasa sikiliza hapa kwa makini, maana ndipo lilipo jibu la fumbo lako. Katika injini nyingi, zikiwemo nyingi za Toyota, themostati ina kisahani cha pili upande wa chini. Kile cha juu kinapofungua njia ya rejeta, hiki cha chini huifunga ile njia ya mkato, ili maji yote ya moto yalazimike kwenda kupozwa. Ukiitoa themostati unaacha njia zote mbili wazi. Asubuhi, maji hupita kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na kwa ubaridi wa Iringa injini haipati joto hata ukiendesha nusu saa. Mlimani, wakati unahitaji kila tone lipite kwenye rejeta, sehemu ya maji ya moto huchukua njia fupi na kurudi kwenye injini bila kupoa. Ndivyo gari moja linavyoweza kuwa baridi Iringa na kuchemsha Kitonga. Pengine umeshasikia maelezo kwamba bila themostati maji hukimbia mno kwenye rejeta hayapati muda wa kupoa. Maelezo hayo si sahihi, kwa kuwa maji yanayozunguka kwa kasi hubeba joto zaidi, si pungufu. Kosa liko kwenye ile njia ya mkato iliyoachwa wazi.

Kwa hiyo rudisha themostati. Nunua ya injini yako hasa, yenye namba ileile ya nyuzi na kisahani cha chini kama ilikuwa nacho, na usikubali ya ukubwa unaofanana tu. Kabla haijafungwa unaweza kuipima mwenyewe jikoni: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, pasha taratibu. Inapaswa kuanza kuachia karibu na namba iliyogongwa, na maji yakikaribia nyuzi 95 kisahani kiwe kimeinuka takriban milimita 8. Jihadhari na kitu kimoja: Iringa mjini, kwa kuwa mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria huchemka karibu nyuzi 95, kwa hiyo hutapita hapo na wala huhitaji kupita. Kama themostati ina kitundu chenye kipini kinachochezacheza, kipini hicho kikae juu wakati wa kufunga, kwa sababu ndiko hewa inakotokea.

Urefu huo wa mlima unatuleta kwenye mfuniko wa rejeta, kifaa ambacho watu hukidharau kuliko vyote. Mfuniko si kizibo cha kuzuia maji yasimwagike. Una spiringi inayoshikilia shinikizo, na kwenye magari mengi umeandikwa 0.9 au 1.1. Shinikizo hilo huyazuia maji yasichemke mapema: mfuniko mzima wa 0.9 huyafanya maji matupu yafike karibu nyuzi 115 huku Iringa kabla ya kuchemka. Mpira wake ukichakaa au spiringi ikilegea, maji yako yatachemka kwenye nyuzi 95 au 96, joto ambalo kwa injini ni la kawaida kabisa. Hapo gari litatapika maji mlimani, utadhani injini imekufa, kumbe kilichokufa ni mfuniko. Ukisikia fundi anasema achia mfuniko nusu "ili upumue", usimruhusu.

Sasa turudi kwenye ugonjwa wa kwanza: kwa nini mshale ulianza kupanda mlimani hata kabla ya themostati kutolewa? Gari linalopata joto likiwa na mzigo mlimani tu, huku kwenye tambarare liko sawa, kwa kawaida bado lina uwezo wa kupoa, ila uwezo huo umepungua. Kupanda Kitonga ni kukanyaga mafuta mengi kwa mwendo mdogo, kwa hiyo upepo wa mwendo ni haba na kazi yote hubaki kwa feni na rejeta. Upungufu usioonekana njia nzima kutoka Mikumi hadi Mbuyuni utaonekana hapo ndani ya dakika kumi.

Kwa kazi yako mimi ningeanza na kitu rahisi kabisa: maganda ya vitunguu. Yale maganda makavu hupeperuka, hunyonywa na feni na kujibana kwenye mapezi ya rejeta pamoja na vumbi na wadudu, na ukitazama kwa mbele unaweza usione kitu kwa sababu kondensa ya kiyoyozi, kama unacho, imelificha tabaka chafu katikati. Injini ikiwa imepoa, safisha kwa maji yenye nguvu ndogo ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu urudi ulikoingilia. Mashine ya kuoshea magari yenye nguvu nyingi hulaza mapezi, na mapezi yaliyolala huziba kuliko vumbi. Tazama pia kama umefunga taa kubwa, ubao au turubai mbele ya grili.

Kisha tazama feni. Kuna kava la plastiki linaloizunguka feni na kuishika karibu na rejeta. Mafundi wengi huliondoa ili kupata nafasi ya kufanyia kazi na hawalirudishi. Bila kava hilo feni huvuta hewa ile ile ya moto iliyo ndani ya boneti badala ya kuvuta ya nje kupitia rejeta. Kama halipo, litafute. Feni yenyewe, kwenye Hilux yako, imeshikwa na klachi yenye oili nzito ya silikoni ndani. Oili hiyo ikivuja, feni huzunguka kivivu hata injini ikiwa ya moto. Zima gari injini ikiwa ya moto, toa ufunguo, kisha izungushe feni kwa mkono ukijihadhari na hozi: inapaswa kukugomea. Ikizunguka yenyewe raundi kadhaa kama pangaboi, klachi imechoka. Mkanda wa feni nao uukague, maana pampu ya maji huzungushwa kwa mkanda huo huo, na mkanda uliolegea au uliong'aa huteleza wakati mzigo umekuwa mkubwa.

Upande wa ndani wa rejeta ndio unaonipa wasiwasi zaidi kwa sababu ya yale maji matupu. Nakiri kwa haki kwamba fundi wako ana sehemu ya ukweli: maji safi hubeba joto vizuri kuliko kulanti, ile dawa ya rejeta inayochanganywa na maji. Lakini kulanti haiko pale kwa ajili ya barafu peke yake. Ina dawa za kuzuia kutu, huongeza kiwango cha kuchemka, na hulinda silinda za dizeli dhidi ya vipovu vidogo ambavyo, kwa mtetemo wa injini, hupasuka kwenye ukuta na kuutoboa taratibu. Maji ya kisima au ya bomba huja na chumvi zake, na kila ukiongeza lita moja unaongeza chumvi nyingine, kwa sababu inayopotea ni mvuke na chumvi hubaki. Utando wa chumvi hupitisha joto vibaya mno ukilinganisha na chuma, hivyo hata wa milimita moja huizuia injini kutoa joto lake, na vipande vyake vikibanduka huziba mirija ya rejeta. Fungua mfuniko asubuhi injini ikiwa baridi, chovya kitambaa cheupe. Maji yakiwa na rangi ya kutu au matope, mpelekee fundi wa rejeta aipime mtiririko. Rejeta ya kopa huweza kufunguliwa na kuzibuliwa mirija. Ile ya aluminiamu yenye vichwa vya plastiki mara nyingi ni afadhali kubadilisha, ingawa bei yake inauma.

Mfumo ukishasafishwa, weka kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri lakini yasiyo na asidi. Ukikosa, maji safi ya mvua ni bora kuliko ya kisima. Usichague kwa rangi, kwa kuwa rangi si kipimo cha kitu chochote. Soma lebo, na usichanganye aina mbili. Kulanti ya kawaida ibadilishwe kila miaka miwili hivi. Tena nakusihi: kulanti nyingi zina sumu na ladha yake ni tamu. Usiiweke kwenye chupa ya maji ya kunywa na usiimwage uani, kwa sababu mtoto au mbwa akiinywa inaweza kumuua.

Kuhusu moshi mweupe wa asubuhi, kuna njia mbili na ni lazima tuzitenganishe. Moshi unaochoma macho, wenye harufu ya dizeli mbichi, na unaopungua injini inapopata joto, ni wa dizeli isiyoungua. Unalingana na injini baridi, au plagi za kupashia joto zilizokufa. Moshi mzito kama wa mvuke wa chai, usiokoma, huku maji yakipungua bila kuvuja popote, unaelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho kati ya kichwa cha injini na bloku yake. Kwa kawaida tungeutambua kwa harufu tamu ya kulanti, lakini wewe unatumia maji matupu, kwa hiyo pua haitakusaidia. Tazama badala yake hozi ya juu ya rejeta: kama asubuhi, dakika mbili tu baada ya kuwasha, imekuwa ngumu kama gurudumu lililojazwa upepo, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Vipovu visivyokoma kwenye rejeta iliyoachwa wazi tangu injini ikiwa baridi husema jambo lile lile, na oili yenye rangi ya maziwa husema mbaya zaidi. Gari ambalo limechemsha mara kadhaa lina haki ya kushukiwa, kwa kuwa silinda hedi hupinda kwa joto kisha gasketi hukosa mahali pa kukaa sawasawa.

Swali moja ambalo hukuniandikia ningependa ulijibu moyoni: je, kuna fundi aliyewahi "kufungua" pampu ya dizeli ili gari lipate nguvu mlimani? Kama unaacha moshi mweusi nyuma yako ukipanda, unachoma dizeli zaidi ya hewa iliyopo, na joto la ziada hilo hakuna rejeta iliyoandaliwa kulibeba. Uzito nao ni hivyo hivyo. Hilux imetengenezwa kubeba takriban tani moja, na najua magunia ya vitunguu ya lumbesa hayasomi kitabu cha gari.

Mpaka matengenezo yakamilike, badili namna ya kupanda. Shusha gia mapema, kabla injini haijaanza kuguna, ili pampu ya maji na feni vizunguke kwa kasi ya kutosha. Kukanyaga mafuta hadi mwisho ukiwa kwenye gia kubwa ndiko kunakochemsha injini nyingi mlimani. Zima kiyoyozi. Mshale ukipita mahali pake pa kawaida, fungua hita ya ndani hadi mwisho na feni yake yote. Utatokwa jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Mshale ukiendelea kupanda, tafuta mahali salama pa kusimama pasipo kona, weka mawe nyuma ya magurudumu na pembetatu barabarani. Kama mshale haujafika kwenye nyekundu na hakuna mvuke, usizime ghafla. Iache injini izunguke juu kidogo ya mwendo wake wa kupumzika kwa dakika chache, na mara nyingi utauona mshale unashuka. Kama umefika kwenye nyekundu, au mvuke unatoka, au mshale umepanda kisha ukaanguka ghafla, zima papo hapo. Kuanguka huko si kupoa: huenda maji yameisha na kihisio cha joto kimebaki kwenye hewa.

Usifungue mfuniko. Maji yaliyo chini ya shinikizo hugeuka mvuke mara unapoufungua, na nimewaona watu waliobabuka uso na kifua kwa sababu ya haraka ya dakika tano. Subiri angalau nusu saa, ubonyeze hozi ya juu kwa kitambaa kinene. Kama bado ni ngumu, endelea kusubiri. Wala usimwagie injini maji ya mtoni ili ipoe, kwa kuwa chuma cha moto kikipozwa ghafla upande mmoja hupinda au hupasuka.

Kuhusu geji yenyewe, usiipe imani yote. Kwenye pikapu nyingi za miaka ya karibuni mshale umepangwa makusudi ukae katikati joto likiwa mahali popote ndani ya kiwango kipana, kwa hiyo unapoanza kusogea, mambo yameshakwenda mbali. Wenye magari hayo wanaweza kusoma nyuzi halisi kwa kifaa kinachochomekwa kwenye kompyuta ya gari. Gari lako halina kompyuta hiyo. Kipimajoto cha mionzi kinachoelekezwa kwenye nyumba ya themostati kitakutosha, ilimradi ubandike kipande cha utepe mweusi hapo kwanza, kwa sababu chuma kinachong'aa hudanganya kipimo.

Kuna mambo ambayo siwezi kukuamulia nikiwa mbali, na hayo ndiyo ya kumpelekea fundi mwenye vifaa. Aupime mfuniko na mfumo wote kwa pampu ya shinikizo, na afanye kipimo cha dawa inayobadilika rangi ikikutana na gesi ya silinda kwenye rejeta. Kama kipimo hicho kitathibitisha gasketi, silinda hedi itolewe, ipelekwe karakana ya mashine ikapimwe unyoofu na nyufa kabla ya gasketi mpya kuwekwa. Fundi anayetaka kubadilisha gasketi bila kupima silinda hedi, mshukuru na uende kwa mwingine. Ukiona hozi ngumu asubuhi, oili ya maziwa, au ukilazimika kuongeza maji kila safari, usipakie mzigo kabla ya uchunguzi huo.

Themostati ikisharudi na mfumo ukijazwa, ujazwe pua ya gari ikiwa imeinuliwa na hita ikiwa wazi, ili hewa itoke yote, na usawa wa maji ukaguliwe tena kesho yake injini ikiwa baridi. Safari ya kwanza panda Kitonga na nusu ya mzigo, mapema asubuhi. Ukifika Ilula simama, iache injini izunguke dakika chache, tazama mshale umekaa wapi na tangi dogo la akiba lina maji kiasi gani, kisha uandike. Fanya hivyo kwa safari tatu ukiongeza mzigo kidogo kidogo, na kama mshale bado unapita nusu, niandikie vipimo hivyo pamoja na majibu ya fundi kuhusu mfuniko, klachi ya feni na mtiririko wa rejeta.